Molekuli zinazokiuka kanuni ya elektroni nane

KWA muda mrefu wanakemia waliamini kwamba gesi ya zenoni haiwezi kuungana na elementi nyingine, kwa kuwa tabaka lake la nje tayari lina elektroni nane. Imani hiyo iliegemea kazi ya Mmarekani Gilbert Lewis, aliyeeleza mwaka wa 1916 kwamba atomu huungana kwa kushirikiana jozi za elektroni, na aghalabu kila moja huishia kuwa na nane.

Mnamo 1962, Neil Bartlett, Mwingereza aliyekuwa akifundisha nchini Kanada, alichanganya zenoni na gesi iliyoundwa kwa platini na florini, akapata kitu kigumu cha rangi ya manjano. Mwaka uo huo watafiti wa Marekani walitengeneza molekuli yenye atomu moja ya zenoni na nne za florini.

Kuichora molekuli hiyo huanza kwa hesabu. Zenoni ina elektroni 8 za nje na kila florini ina 7, hivyo jumla ni 36. Zenoni huwekwa katikati, kisha kila florini huunganishwa nayo kwa mstari mmoja unaowakilisha elektroni 2. Mistari hiyo minne huchukua 8. Kila florini huongezewa 6 ili itimize nane, nazo ni 24. Zinazosalia ni 4, na mahali pake ni kwenye zenoni, zikiwa jozi mbili. Kwa hivyo zenoni huzungukwa na elektroni 12.

Jozi hizo mbili hazifai kupuuzwa. Kwa kuwa jozi za elektroni husukumana, moja hukaa juu na nyingine chini, nazo florini zikabaki bapa kwenye pembe za mraba. Mwanafunzi anayezisahau hudhani umbo ni la piramidi ya nyuso nne, kama la methani.

Hata hivyo, si kila atomu huruhusiwa ziada. Kaboni, nitrojeni, oksijeni na florini, zilizo katika mstari wa pili wa jedwali la elementi, hazipewi zaidi ya nane. Ziada huanzia mstari wa tatu: fosforasi iliyoungana na klorini tano huzungukwa na elektroni 10, na salfa yenye florini sita huzungukwa na 12. Atomu hizi ni kubwa, hivyo majirani wengi hupata nafasi ya kuzizunguka.

Basi kanuni ya nane ni mwongozo mwema, lakini jumla ya elektroni ndiyo yenye kauli ya mwisho.