Kupima desturi za kazi: tuliyojifunza Mutshatsha

Teritori ya Mutshatsha, magharibi ya Kolwezi, ilijulikana zamani kwa reli inayokwenda Dilolo na mpaka wa Angola. Leo inajulikana kwa mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Tunaiandikia makanisa ya mashariki kwa sababu ya swali moja: kijana wetu akipata kazi migodini, tutajuaje kama ni mahali pa haki?

Desturi ya kazi ni namna watu wanavyotendeana kila siku: nani anatukanwa, nani anasikilizwa, nani akiumia anapelekwa hospitali. Kuipima ni kulinganisha mahali pa kazi na kipimo kilicho nje yake. Kampuni ikijilinganisha na maneno yake mazuri iliyobandika ukutani, itashinda daima.

Kipimo cha kwanza ni sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inaweka saa 45 kwa juma, na mshahara sawa kwa wanaofanya kazi sawa kwa ujuzi ule ule. Cha pili ni gharama ya maisha. Novemba 2021 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na CAJJ ya Kolwezi, lilitoa ripoti juu ya migodi mitano ya ukanda huu (Kamoa haikuwa kati yake). Lilikadiria kwamba mfanyakazi wa Kolwezi alihitaji dola 402 kwa mwezi ili jamaa yake iishi kwa heshima, bila kuhesabu matibabu.

Lakini jambo zito ni hili. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa na makampuni ya katikati, si na mgodi wenyewe. Watu wawili wanaingia mlango mmoja, lakini kontra zao si moja. Ukichanganya majibu yao, sauti ya yule wa chini inamezwa. Basi waulizwe mbali mbali, kwa Kiswahili, bila majina, na mtu asiye bosi wao. Una kontra iliyoandikwa? Ukikataa kazi ya hatari, utafukuzwa? Mwaka ujao waulizwe maswali yale yale, la sivyo hakuna cha kulinganisha.

Hapo tunapaswa kugeukia nyumba yetu. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, nasi makanisa ni waajiri pia: tuna shule, tuna hospitali. Kuna mwalimu aliye kwenye orodha ya serikali na mwenzake anayengojea pesa za wazazi, darasa kando ya darasa. Tumesikia wengine wakiita hali hiyo sadaka. Sisi hatukubali, maana sadaka hutolewa kwa hiari.

Baraza la kanisa linaweza kuanza na mlinzi wa usiku: alilipwa lini mara ya mwisho, na alipougua nani alimtibu? Mchungaji asiwe chumbani anapojibu.