Mizizi iliyobaki chini ya ardhi ya Dodoma

Mwaka 1973 yalianza mambo mawili makubwa Dodoma. La kwanza kila mtoto wa shule analijua: TANU, chama tawala cha wakati huo, iliazimia makao makuu ya nchi yahamie huku kutoka Dar es Salaam. La pili halitajwi sana siku hizi, nalo ni Hifadhi Ardhi Dodoma, au HADO, mradi wa serikali uliofadhiliwa na Sweden ili kuokoa udongo uliokuwa ukisombwa kila mvua inaponyesha.

Hali ilikuwa mbaya kuliko kote katika milima ya Irangi, wilayani Kondoa. Makorongo yalikuwa yamechimbika hata nyumba ingeweza kuzama ndani, na mchanga kutoka juu ulikuwa umefunika mashamba ya bondeni. Wakoloni walishawalazimisha watu kuchimba matuta ya kukinga maji na kupunguza mifugo, na watu wakachukia kazi hiyo kwa sababu ilikuja kwa amri. HADO nayo ilianza kwa matuta na miche. Kisha mwaka 1979 serikali ikachukua hatua kali: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256.

Amri ile iliumiza, na anayeisifu bila kusema hivyo hawatendei haki Warangi. Ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni samadi ya shamba, ni akiba ya mwaka wa njaa. Lakini ardhi ilijibu upesi. Ndani ya misimu michache nyasi zilifunika miteremko iliyokuwa mitupu na vichaka vikasimama mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu. Mizizi na visiki vilikuwa hai muda wote huo. Vilichokosa ni nafasi tu ya kuchipua bila kuliwa wala kukanyagwa.

Hapo ndipo historia ya Kondoa inapokutana na ya dunia nzima. Mmea huvuta hewa ya ukaa, hujijenga kwa kaboni yake, na sehemu ya kaboni hiyo huishia ardhini kupitia mizizi na majani yanayooza. Udongo wa dunia umebeba kaboni nyingi kuliko anga na mimea yote kwa pamoja. Ukiachwa uchi na kumomonyoka, sehemu ya kaboni hiyo hurudi angani. HADO ilipoanza, anga lilikuwa na sehemu kama 330 za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Leo zimepita 420. Iwe wazi kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa zaidi na nchi tajiri. Si makorongo ya Kondoa yaliyoyeyusha barafu ya Greenland na kupandisha kina cha Bahari ya Hindi. Ila joto likizidi, mkulima wa uwele na mtama anayetegemea msimu mmoja wa mvua ni miongoni mwa wa kwanza kulipa.

Kuna waliokwisha kutuonyesha kinachotokea mizizi ikiondolewa. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa, mkoani Dodoma, na mpango wa karanga, wakiota mamilioni ya ekari za Tanganyika. Waling'oa vichaka kwa minyororo na matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Jua liliukausha udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

HADO, kwa upande wake, ilijifunza kulegeza amri ya mifugo. Mwaka 1989 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa Kondoa kwa masharti ya kulishwa zizini. Ufadhili wa Sweden ulikoma mwaka 1996, na usimamizi ulipopungua mifugo ilianza kurudi malishoni. Hilo halinishangazi, kwa kuwa kizuizi kile hakikuwa cha wanakijiji wenyewe.

Ndiyo maana naiamini zaidi njia ya kisiki hai, ambayo shirika la LEAD Foundation linaieneza vijijini Dodoma. Asili yake ni Niger, ambako Mwaustralia Tony Rinaudo aliieneza miaka ya 1980. Mkulima hutafuta kisiki kinachochipua shambani mwake, huacha machipukizi machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, kisha hufunga kitambaa ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe. Hahitaji kitalu wala kumwagilia miche, kwa sababu mzizi ulishafika kwenye unyevu zamani.

Kitambaa hicho sasa kinashindana na gunia la mkaa. Mji mkuu ulioamuliwa mwaka 1973 umekua kweli, na jiko la mkaa bado linawaka katika nyumba nyingi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Bei ya kujaza mtungi wa gesi ndiyo itakayoamua ni visiki vingapi vitaachwa vikue.