Matege Chini ya Jua la Ikweta

Ukifuata vitabu, matege yalikuwa ugonjwa wa Ulaya. Francis Glisson aliyaandikia kitabu kule Uingereza mwaka 1650. Mwaka 1822 daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, aliona kuwa watoto wa mjini Warsaw wanapinda miguu ilhali wa mashambani wamenyooka, akashauri watolewe nje wakaote jua. Karibu karne nzima ikapita kabla Kurt Huldschinsky wa Berlin hajawaponya watoto kwa taa maalumu, 1919. Vitamini D, ambayo jua huitengeneza mwilini na bila yake mifupa hulainika, ilipata jina 1922. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, ungedhani imesalimika.

Haikusalimika. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa juu ya watoto wenye matege waliotibiwa katika zahanati za Madaktari Wasio na Mipaka huko Kibera, na sisi wahudumu wa afya wa mtaani hatukushangaa. Wengi husema ni uzembe wa kina mama. Mimi nasema tuanzie kwenye ardhi.

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne iliyopita, Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles walipopewa pale mahali pa kukaa na kulima. Mwaka 1918 ikatangazwa hifadhi ya jeshi. Hati ya ardhi jamii hiyo haikuipata hadi 2017, nayo ni ya ekari 288. Bila hati hakuna anayethubutu kujenga kwa mawe, kwa hiyo ni udongo, miti na mabati. Watu walipomiminika mjini baada ya Uhuru, kila upenyo ukageuzwa chumba cha kupangisha, futi 10 kwa 10. Gatwekera, humohumo Kibera, kuna vichochoro unavyopita ubavu ubavu, mabati ya huku yakilalia ya kule, na saa sita mchana unatembea kivulini.

Kawangware, nilikozaliwa, ilifika hapohapo kwa njia nyingine. Yalikuwa mashamba ya Wakikuyu, yenye wenyewe, hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa 1963 na kuimeza Dagoretti. Huku hati zipo. Kilichofunika anga ni urithi. Baba aligawia wanawe, wanawe wakajenga ploti za mabati, na sasa wajukuu wanabomoa mabati wapandishe ghorofa. Chumba cha chini, kati ya ghorofa mbili, kinawashwa taa saa nne asubuhi. Mama akienda kufua Lavington, ambako nyasi zinaota jua bila mtoto juu yake, mwanawe hubaki kwa mlezi wa kulipwa kwa siku, na wenzake chumba tele, mlango umefungwa wasitoke barabarani.

Mara nyingi naitwa kwa sababu ya kikohozi. "Sista, nimonia imerudi." Mimi si sista, lakini sibishani. Namvua mtoto sweta mbili, nashika kifundo cha mkono. Kikiwa kinene, nashuka mbavuni: vinundu vimejipanga kama tasbihi. Utosi uko wazi na mwaka na nusu umepita. Hayo ni matege hata kabla ya miguu kupinda.

Kikohozi nacho kina ukoo na mifupa. Mwaka 1997 watafiti wa Addis Ababa walilinganisha watoto 500 wenye nimonia na 500 wasio nayo, wakakuta uwezekano wa wenye nimonia kuwa na matege ni mara 13 hivi. Mbavu laini hazina nguvu ya kusukuma makohozi, na chembe za kinga huhitaji vitamini D ili zitengeneze protini za kuua vijidudu. Lakini mwaka 2012 kulitoka majibu ya Kabul: watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa, nusu wakapewa dozi kubwa ya vitamini D kila miezi mitatu na nusu dawa bandia, nimonia haikupungua. Kwa hiyo simwambii mama kuwa vitamini hiyo ni dawa ya kikohozi. Ni dawa ya mifupa, inatosha.

Ninachogombana nacho ni lile "jua la asubuhi". Saa moja asubuhi kivuli chako kinakuzidi urefu, na jua la namna hiyo halimpi mtoto vitamini D ya maana. Saa nne unusu ndiyo saa, dakika chache, mikono na miguu wazi. Saa hiyo mama yuko kazini. Maziwa yake nayo yana vitamini D kidogo mno, ndiyo maana wataalamu wa kimataifa walipendekeza mwaka 2016 kila mtoto apewe vizio 400 kwa siku mwaka wake wa kwanza. Ningetaka matone hayo yatolewe bure kliniki, siku ya chanjo.

Kuna mwenye ploti kule Gatina, hukohuko Kawangware, aliyeezeka ua wote nguo za wapangaji zisinyeshewe. Nilipolalamika akabadilisha bati moja, akaweka la plastiki linalopitisha mwanga, akaniita nikaone. Palikuwa peupe kweli. Nikamshukuru, kisha nikamweleza kuwa plastiki ile, sawa na kioo cha dirisha, huzuia miale ya jua inayotengeneza vitamini D. Akaniuliza sasa nataka alipwe kodi na nani, jua au wapangaji.