Lodwar na Kakuma: Miji ya Wageni katika Nchi ya Wafugaji

Lodwar na Kakuma ni miji ya Turkana iliyokuzwa na watu waliotoka nje. Lodwar uliinuliwa na utawala wa Waingereza, na Kakuma ukapanuliwa na vita vya nchi jirani. Miji yote miwili imekaa kando ya maji. Lodwar uko kwenye Mto Turkwel, kilomita zipatazo 60 magharibi mwa Ziwa Turkana. Kakuma uko umbali wa kilomita 120 hivi kutoka hapo, kwenye barabara iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini, kando ya Tarach, laga ambayo sehemu kubwa ya mwaka huwa mchanga mtupu. Wafugaji walikuwa wakinywesha mifugo yao sehemu hizo vizazi vingi kabla ya mgeni yeyote kupiga hema. Historia ya miji hii, basi, haiwezi kutenganishwa na ya majirani waliowauzia wageni nyama, kuni na makaa, na ambao mara nyingi hawakuulizwa lolote wakati sheria za miji hiyo zilipotungwa.

Wageni wa mwanzo hawakujenga miji. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, misafara ya pwani ilipanda bara kutafuta pembe za ndovu. Wavumbuzi wa Kizungu Teleki na von Höhnel, walioliona Ziwa Turkana Machi 1888, walitegemea wapagazi na viongozi wa njia kutoka pwani. Kutoka kaskazini walikuja Wahabeshi na bunduki zao. Wote hao walifanya biashara, na wengine wakapora, kisha wakaondoka.

Waingereza walikuja kwa nia ya kukaa. Waturkana hawakukubali kwa urahisi, na upinzani wao ulidumu miaka mingi. Kampeni ya kijeshi ya 1918 ijulikanayo kama Labur ndiyo iliyowaumiza zaidi: bunduki zilinyang'anywa, na mifugo mingi ikatekwa. Kwa mfugaji, kutekwa kwa ng'ombe na ngamia ni kupotea kwa chakula, mahari na heshima kwa mpigo mmoja. Umaskini ulioonekana baadaye kuzunguka vituo vya serikali hauwezi kuelezwa kwa ukame peke yake. Mwaka 1926 eneo la Turkana lilihamishwa kutoka Uganda na kuingizwa Kenya, na Lodwar ikawa makao ya utawala.

Ofisi ya mkuu wa wilaya, kambi ya askari, gereza na maduka machache vilitosha kuufanya mji. Wenye maduka, Wasomali na wengineo, waliuza mahindi, tumbaku, nguo na shanga, na kununua mbuzi na ngozi. Hata hivyo biashara hiyo haikuwa huru. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: aliyetaka kuingia alihitaji kibali, na sheria ya 1934 kuhusu wilaya maalumu ikawapa maofisa mamlaka makubwa juu ya nani apite wapi. Serikali ilieleza kuwa ilikuwa ikilinda amani. Matokeo yake, mfugaji na mfanyabiashara walikutana mbele ya macho ya ofisa, kwa masharti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyatunga.

Mpango wa namna hiyo ni wa kale sana. Katika karne ya 7 KK, Wagiriki wa Korkyra na Korintho walianzisha mji wa Epidamnos kwenye pwani ya Adriatiki, mahali palipo na mji wa Durrës katika Albania ya leo. Majirani zake walikuwa Wailiria. Mwandishi wa Kigiriki Plutarko aliandika kwamba watu wa Epidamnos waliogopa raia wao wasiharibike kwa kuchangamana na majirani hao, hivyo kila mwaka wakamchagua mtu mmoja mwaminifu afanye nao biashara kwa niaba ya mji mzima. Hata hivyo kuchangamana hakukukoma. Mwaka 436 KK raia waliokuwa wamefukuzwa mjini waliungana na majirani hao hao kuushambulia mji wao, na ugomvi huo ukawa miongoni mwa vyanzo vya Vita vya Peloponesi. Utaratibu wa Epidamnos na kibali cha Lodwar vilitokana na hofu moja: kwamba mji hauwezi kuishi bila majirani zake, lakini hautaki kuwa wao.

Serikali iliitumia Lodwar pia kama mahali pa kumweka mtu mbali na macho ya nchi. Jomo Kenyatta alihamishiwa hapo mwaka 1959 baada ya kifungo chake Lokitaung, na Machi 1961 viongozi wa vyama vya KANU na KADU wakasafiri hadi mji huo wa jangwani kuzungumza naye. Mwaka huo huo wa 1961 njaa kali iliikumba Turkana. Wamisionari Wakatoliki walifika, vituo vya chakula vikafunguliwa, na familia zilizopoteza mifugo zikahamia karibu navyo. Wengi hawakurudi malishoni. Ndivyo Waturkana wenyewe walivyoanza kuwa wakazi wa mji uliojengwa kuwatawala.

Kakuma ulikuwa bado kituo kidogo cha maduka mwaka 1992. Serikali ya Mengistu ilikuwa imeanguka Ethiopia mwaka uliotangulia, na maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wakiishi huko kambini wakatawanyika kwa miguu hadi wakavuka mpaka wa Kenya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwapokea Kakuma. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji.

Sheria za kambi zikarudia mtindo ule wa zamani. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali wala kufuga ng'ombe, ingawa wengi wa Wasudan walikuwa wafugaji tangu kwao. Katazo hilo lilikusudiwa kuzuia ugomvi wa malisho, lakini pia liliwafanya Waturkana kuwa wauzaji wakuu wa mbuzi na makaa. Mwanamke wa Kiturkana aliyetoka kijijini alfajiri na mzigo wa kuni kichwani alirudi na mahindi yaliyopimwa kwa gorogoro, unga au mafuta kutoka kwenye posho ya mkimbizi. Wengine waliteka maji au kufua nguo katika nyumba za wageni. Jambo hilo liliuma: watu waliokimbia bila kitu walikuwa na chakula cha kuajiri, na mwenye nchi ndiye aliyeajiriwa. Uchungu huo, pamoja na ugomvi wa kuni na mifugo, ulizua mapigano, yakiwemo ya Juni 2003 ambapo watu waliuawa.

Soko, hata hivyo, lilizidi kukua. Mwaka 2015 sehemu ya posho ilianza kulipwa kwa njia ya simu, chini ya mpango wa Bamba Chakula, na fedha hizo zikaingia madukani. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na shirika la fedha la Benki ya Dunia ulikuta zaidi ya biashara 2,000 kambini. Makaa yanayouzwa hapo mengi hutokana na mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa umefunika kingo za laga nyingi.

Mpango wa Kalobeyei, makazi yaliyoanza kupokea watu mwaka 2016 jirani na Kakuma, ulibuniwa ili wenyeji na wakimbizi watumie shule, zahanati na maji pamoja. Ulikuwa hatua kubwa kuliko yoyote iliyotangulia, kwa kuwa safari hii mwenyeji alihesabiwa tangu mwanzo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinaelekea huko huko, kuibadilisha kambi iwe makazi ya kudumu. Swali gumu lililobaki ni la ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii, na pale ambapo haijasajiliwa, serikali ya kaunti huishika kwa amana chini ya sheria ya 2016. Mgeni anaweza kupewa kitambulisho na leseni ya duka, lakini kiwanja cha kujenga nyumba ya kudumu Kakuma kinahitaji ridhaa ya jamii ya wafugaji ambayo wengi wake bado huhama na mifugo yao kila kiangazi.