Trela na Karakana ya Mhunzi

Je, umepata kusimama kando ya barabara kuu iendayo Mombasa ukalitazama vizuri lori lipitalo? Siku moja lisimame mbele yako, lichunguze. Utaona kuwa kichwa chenye injini na dereva ni kifupi tu. Urefu wote ulio nyuma yake ni trela, gari lisilo na injini, wala magurudumu ya mbele. Gari hilo lina historia yake, nayo ina uhusiano mkubwa na kazi ya mhunzi.

Katika mji wa Detroit, Marekani, alikuwako mhunzi jina lake August Fruehauf. Kazi yake ilikuwa kupigilia farasi viatu na kuunda magari ya kukokotwa nao. Kwa bahati yake mbaya, mji huo huo ndio uliokuwa na kiwanda cha Ford, ambacho kuanzia mwaka 1908 kilikuwa kikitoa motokaa zilizowafukuza farasi barabarani. Mwaka 1914 alijiwa na mfanyabiashara wa mbao, Frederic Sibley, aliyetaka mashua yake ipelekwe kaskazini ya jimbo la Michigan, nayo ivutwe na motokaa. Fruehauf akaunda gari la kufungwa nyuma ya Ford. Safari ikafaulu, na Sibley akaagiza magari mengine ya namna hiyo kwa ajili ya mbao zake. Kufika mwaka 1918 mhunzi yule alikuwa na kampuni ya kuunda trela.

Jambo alilolifahamu lilikuwa jepesi, na kila mwenye punda analijua: mnyama huvuta mzigo mkubwa kuliko ule awezao kuubeba mgongoni. Injini nayo ni vivyo hivyo. Tena trela yaweza kuachwa ghalani ikipakiwa, huku kichwa kikienda kuvuta nyingine.

Sasa ingia nami katika karakana inayojiundia trela zake yenyewe. Utasikia nyundo na kuona cheche. Kwanza mafundi hukata mabamba ya chuma na kuyachomelea yawe boriti mbili ndefu. Boriti hizo hupindwa kidogo kwenda juu katikati. Ukizitazama zikiwa tupu utadhani fundi amekosea, lakini mzigo ukiisha kupakiwa hunyoka. Kati yao huwekwa vyuma vya kukingama, na chini ya sehemu ya mbele hutiwa pini nene ya kushikamana na kichwa cha lori. Halafu hufungwa springi, ekseli, breki za upepo na taa. Kazi iliyo ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kupima. Fundi hupima kutoka kwenye pini hadi ncha za ekseli, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, trela hutembea upande kama kaa, na matairi huliwa upesi.

Injini na sanduku la gia zahitaji viwanda vikubwa, ndiyo maana nchi nyingi, Kenya ikiwamo, huzinunua ng'ambo. Bali trela haina hata kimoja cha vitu hivyo. Ekseli na matairi yake huweza kuagizwa, na kilichobaki ni chuma, moto na akili ya fundi. Kwa hiyo Kenya huunda trela, na hata mabasi mengi uyapandayo yaliletwa yakiwa fremu na injini tu, bodi zikaundwa hapa hapa.

Hata hivyo fundi hana uhuru wa kutumia chuma apendavyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu lori kupita tani 56, gari na mzigo pamoja. Trela ikiwa nzito mno, hupunguza magunia ya mahindi yawezayo kupakiwa. Ikiwa nyepesi mno, itavunjika njiani. Katika mizani ya Mariakani, kila lori linapopandishwa, hesabu ya fundi huyo hupimwa pamoja na mahindi.