Umeagiza mizani ya ng'ombe? Namba hii ndiyo inayoamua ushuru wako

Mfugaji anaagiza mizani ya kupimia ng'ombe kutoka China. Mzigo unafika Bandari ya Dar es Salaam, na wakala wa forodha anauliza: tuuandike kwa namba gani?

Wengi wanajibu fasta tu: ni kifaa cha ufugaji, weka kwenye mashine za kilimo. Hapo ndipo shida inapoanzia.

8423 au 8436?

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba ya HS, mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili, na kwenye kitabu chake cha ushuru wa pamoja ndipo unakuta kiwango: 0, 10, 25 au 35 kwa mia.

Mashine za kilimo na ufugaji ambazo hazikutajwa kwingine ziko 8436. Mizani iko 8423. Sasa mizani ya ng'ombe si ni vyote viwili?

Jibu limeandikwa, ila wachache wanalisoma. Dokezo la 2 la Sura ya 84 linasema mashine ikiingia kwenye kundi la 8401 hadi 8424, na wakati huohuo ikaingia kwenye 8425 hadi 8480, kundi la kwanza ndilo linashinda. Kwa hiyo mizani inabaki mizani, hata kama ina geti, vizuizi vya pembeni na picha ya ng'ombe kwenye boksi.

Ndani ya 8423 kinachoangaliwa ni uwezo wa juu wa kupima, na si uzito wa mnyama wako. Ya kuning'iniza isiyozidi kilo 30, ya vifaranga au wana-mbuzi, ni 8423.81. Inayozidi 30 hadi kilo 5,000 ni 8423.82, na mizani nyingi za ng'ombe mmoja mmoja zinaangukia hapa. Ya kupima lori zima na ng'ombe wake, zaidi ya kilo 5,000, inaenda 8423.89.

Na ule utepe wa kuzungusha kifuani mwa ng'ombe ili kukadiria kilo? Huo si mizani kabisa. Unapima urefu, kwa hiyo unaenda 9017.

Hela inabadilikaje

Chukua mfano wa mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na usafiri, ni Sh10 milioni. Ushuru ukiwa sifuri, VAT ya asilimia 18 ni Sh1.8 milioni. Ushuru ukiwa asilimia 10, unalipa Sh1 milioni, halafu VAT inapigwa juu ya Sh11 milioni: jumla Sh2.98 milioni. Hapo tozo nyingine ndogondogo hazijaguswa. Misamaha ya VAT kwa zana za kilimo nayo inasomwa kwa namba hiyohiyo.

Ukiandika namba ya bei rahisi na mzigo ukapita, usishangilie. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kudaiwa ushuru uliopungua hadi miaka 5 baadaye, pamoja na riba. Anayeandikiwa deni ni wewe mwenye mzigo.

Kabla hujalipa muuzaji

Mwombe karatasi ya kiufundi inayoonyesha uwezo wa juu kwa kilo. Ankara iliyoandikwa "vifaa vya shamba" haimsaidii mtu yeyote. Bado una wasiwasi? Sheria hiyohiyo inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa Forodha akupe uamuzi wa namba mapema, kabla meli haijaondoka.

Na kama mzigo umeshafika ukapangiwa namba usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba upitiwe upya. Watu wengi wanazimaliza wakibishana na wakala kwa simu.

Kitu kingine: ukitaka kuitumia kuuzia au kununulia mifugo, mnadani au nyumbani, lazima Wakala wa Vipimo (WMA) waihakiki na kuipiga chapa kwanza. Risiti ya forodha haitoshi.