Mganga wa Ngoma Delta ya Rufiji: Anavyofunzwa na Anavyotambuliwa Kisheria

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

Wilaya ya Kibiti, iliyozaliwa kwa kugawanywa Wilaya ya Rufiji mkoani Pwani, ina sehemu kubwa ya delta ambamo Mto Rufiji hugawanyika katika mifereji mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Huko kwenye mikoko, Wandengereko, Wanyagatwa na jirani zao wamekuwa na wataalamu wanaotibu kwa ngoma tangu zamani, kabla ya tiba kwa muziki kufundishwa katika vyuo vikuu vya dunia. Makala haya yanaeleza jinsi mtu anavyofikia kuwa mganga wa aina hiyo na masharti ambayo sheria humwekea.

Kwa kawaida safari huanza na ugonjwa. Mtu huugua kwa muda mrefu: hali, halali, hujitenga na watu, au huanguka bila sababu inayojulikana. Dawa zikishindwa, jamaa humpeleka kwa mganga, naye akitazama huweza kusema kwamba mwele ana pepo, na pepo hao wanataka ngoma. Hupangwa usiku wa kupunga. Ubani hufukizwa, mwele huketishwa katikati, wapigaji hukaa na ngoma zao, na wenye manyanga husimama tayari.

Hapo ndipo ujuzi wa mganga hupimwa. Kwa imani ya wahusika, kila pepo ana mdundo wake na nyimbo zake, na mdundo usio wake haumgusi. Mganga huamuru mdundo mmoja, akimtazama mwele mabega, shingo na pumzi. Asipoona dalili, hubadilisha. Kazi hiyo huweza kuchukua usiku kucha, pengine siku kadhaa. Mdundo ukikubali, mwele hutikisika, huinuka na kucheza, kisha pepo huulizwa jina lake na anachotaka. Majibu hayo husikika mbele ya ndugu wote. Mara nyingi humo hutokeza mambo ambayo mwele asingethubutu kuyasema mchana kwa kinywa chake: mume aliyemtelekeza, mirathi iliyoliwa, uchungu wa mtoto aliyefariki. Msomaji asiyeamini pepo anaweza kuiacha imani hiyo kando, lakini bado ataona kwamba mgonjwa aliyekuwa peke yake amepata watu wa kumwimbia na kumsikiliza.

Wengi wakipata nafuu hurudi kwenye mashamba na nyavu zao. Wachache huambiwa kwamba pepo wao wanataka kazi, na hao ndio huwa wanagenzi. Mwanagenzi hufuatana na mganga wake kwenye ngoma za watu wengine, huitikia nyimbo, hushika manyanga, hujifunza kupiga, na huonyeshwa miti ya dawa porini. Hakuna muhula wala mtihani wa kuandika. Baada ya miaka, mganga akiridhika, hufanyika ngoma nyingine ambayo mwanafunzi hukabidhiwa mkoba wa uganga mbele ya watu, ili kila mmoja ajue nani alimfundisha.

Mfumo huu si wa Rufiji pekee. Mtaalamu wa anthropolojia John Janzen, aliyefanya utafiti Dar es Salaam miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu juu ya ngoma za tiba mwaka 1992, alionyesha kwamba neno ngoma, na desturi ya mgonjwa kupanda hadi kuwa mganga, vinapatikana kutoka pwani yetu hadi Afrika Kusini. Hata neno sangoma la huko lina ngoma ndani yake.

Uhusiano wa mamlaka na waganga wa eneo hili umepitia vipindi vigumu. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyesemekana kupandwa na pepo Hongo, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Serikali ya kikoloni iliyofuata, ile ya Waingereza, ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na kwa miaka mingi mganga alitazamwa zaidi kwa jicho la polisi kuliko la afya.

Kwa upande wa vyuo, mafunzo ya kwanza ya tiba kwa muziki nchini Marekani yalianza mwaka 1944, na barani Afrika Chuo Kikuu cha Pretoria kilianzisha shahada ya uzamili mwaka 1999. Nchini Marekani mwanafunzi hutakiwa kukamilisha saa zisizopungua 1,200 za mafunzo kwa vitendo. Nchini Uingereza mwanafunzi hulazimika yeye mwenyewe kupitia tiba kama mgonjwa kabla ya kuhitimu. Mzee wa Kibiti asingeshangazwa na sharti hilo. Kijana wa Kitanzania anayetaka njia hii anaweza kuanza na muziki katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au na saikolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akatafuta masomo ya juu ya fani yenyewe.

Tofauti kubwa ipo katika uwajibikaji. Mhitimu wa chuo huweka kumbukumbu za mgonjwa na kazi yake hukaguliwa na mkubwa wake. Mganga wa ngoma aliwajibika kwa mwalimu wake na kwa kijiji, hadi ilipotungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002. Sheria hiyo iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili waganga na vituo vyao. Mwombaji haombwi shahada. Kinachotazamwa ni kutambuliwa na jamii anamofanyia kazi. Kwa hiyo maombi huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa na kupitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Kupiga ramli chonganishi, yaani kumtaja ndugu au jirani kuwa ndiye mchawi, kumepigwa marufuku, na usajili haumkingi mganga anayefanya hivyo.

Lipo pia suala la muda. Kutoka baadhi ya visiwa vya delta hadi zahanati ni safari ya mashua inayosubiri maji kujaa, na usiku mmoja wa ngoma unaweza kuwa ndio usiku uliohitajika kwa safari hiyo. Utafiti uliofanywa Rufiji na kuchapishwa mwaka 2004 ulibaini kwamba familia nyingi zilizofiwa kwa malaria zilikwenda kwanza kwenye huduma za kisasa. Waliotangulia kwa mganga walikuwa wachache. Mtoto mwenye homa na degedege, mtu aliyepoteza fahamu, au anayetishia kujiua apelekwe kwanza kituo cha afya kilicho karibu. Ngoma, kwa familia inayoitaka, inaweza kupangwa mgonjwa akisharudi.